Kuteleza kwa Kutaka

Kiswahili kina vitenzi viwili vya karibu kwa gari lililopoteza mshiko wa barabara: kuteleza na kuserereka. Vyote viwili vina tabia moja ambayo imenisumbua tangu mwaka wa pili wa masomo. Mwenye kuteleza hakutaka. Mtu huteleza akitoka kuoga, ulimi huteleza mbele ya wakwe, jiwe huserereka mlimani bila kutumwa na mtu. Hata methali tunayofarijiana nayo, kuteleza si kuanguka, inamhusu mtu aliyepatwa na jambo. Sasa nitumie kitenzi gani kwa dereva anayeingia kwenye kona akiwa ameshaamua kwamba magurudumu ya nyuma yatateleza, yatateleza kiasi gani, na yataacha kuteleza wapi?

Wenzangu wa sarufi watasema jibu ni rahisi: weka kiambishi cha kusababisha, upate kutelezesha. Nimejaribu. Nilipomwambia mama yangu kwamba kuna watu Japani wanaotelezesha magari, aliuliza kama wanamwaga mafuta barabarani. Na hakukosea. Anayetelezesha, katika masikio ya wengi, ni mtu aliye nje ya jambo, anayemfanya mwingine ateleze. Dereva wa dirifti yumo ndani. Anateleza na kutelezesha kwa wakati mmoja, na mwili wake unakwenda upande uleule ambao gari linakwenda.

Dirifti yenyewe nilikutana nayo Uvira, katika chumba cha mbao chenye paa la bati, televisheni nne za mgongo mnene na mashine za PlayStation 2 zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli ili mfuniko usifunguke. Ulilipa kwa mbio, si kwa saa, na umeme ukikatika katikati ya mbio mwenye chumba alikuwa na sheria yake: aliyekuwa mbele ndiye aliyeshinda. Diski iliyopendwa ilikuwa Need for Speed: Underground 2, mchezo wa mwaka 2004, ambao ulitufikia sisi ukiwa mzee tayari. Ndani yake kuna mashindano ambayo ndani yake kufika wa kwanza si kitu. Unapata alama kwa kupita kwenye kona ubavu ubavu. Kadiri pembe inavyokuwa kubwa na kadiri unavyodumu humo bila kunyooka, ndivyo alama zinavyopanda; ukigusa ukuta, alama za mtelezo huo zinafutika mbele ya macho yako na chumba kizima kinakucheka.

Kwa wasiojua, niieleze kazi yenyewe. Gari linashikwa na barabara kwa viganja vinne tu, pale tairi linapogusa ardhi. Uzito wa gari hauketi sawasawa juu ya viganja hivyo. Ukishika breki, uzito unaenda mbele na nyuma inakuwa nyepesi. Ukikanyaga mafuta, uzito unarudi nyuma. Dereva wa dirifti anaitafuta ile dakika ambayo nyuma imekuwa nyepesi, halafu anaivunja mshiko wake: kwa kuvuta breki ya mkono, au kwa kukanyaga na kuachia klachi ghafla huku injini ikilia, au kwa kuzungusha usukani kidogo upande usio wake na kisha kuurudisha kwa nguvu ili gari liyumbe kama mtumbwi. Nyuma inaanza kuja. Hapo ndipo linakuja jambo ambalo mwili unalikataa: inabidi uzungushe usukani kuelekea kule nyuma inakokwenda, kinyume na kona, huku mguu wako ukiendelea kulisha mafuta badala ya kukimbilia breki. Ukipunguza mafuta ghafla, matairi ya nyuma yanashika tena na gari linarushwa upande wa pili. Ukizidisha, linazunguka kama pia.

Vidole vyangu vilijifunza hayo kwenye manete baada ya likizo nzima. Jambo ambalo mchezo haukunipa ni kiuno. Madereva wote niliowahoji baadaye kwa ajili ya utafiti wangu wanasema gari linateleza kwanza kiunoni, macho yanajua baadaye. Kwenye kiti cha plastiki mbele ya televisheni kiuno hakina habari. Ndiyo maana nilishangaa kusoma kwamba Nissan na Sony walianza mwaka 2008 mashindano ya kuwachukua wachezaji wa Gran Turismo na kuwafanya madereva wa kweli, na kwamba mshindi wa kwanza, Mhispania Lucas Ordóñez, alifika hadi kwenye jukwaa la washindi wa daraja lake katika saa 24 za Le Mans. Lakini walipewa mafunzo marefu kwenye gari la kweli kabla ya hapo, na nadhani sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilikuwa kukifundisha kiuno lugha ambayo macho yalikuwa yanaijua tayari.

Nirudi kwenye chumba, kwa sababu humo kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya nisome isimu. Tulikuwa makundi mawili. Kundi la kwanza ni sisi tuliokulia Uvira na Makobola. Kundi la pili ni vijana waliorudi kutoka Tanzania, wengi wao wamezaliwa kambini Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa mmoja wao. Familia yao ilikimbia Makobola baada ya mauaji ya mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999, yeye akazaliwa ng'ambo, akajifunza ufundi wa magari kwa mafundi wa kule, na alipovuka ziwa kurudi kwao alikuwa kijana mkubwa anayesema Kiswahili ambacho sisi tulikiita cha redio.

Sisi tulisema shofere, yeye dereva. Sisi vola, yeye usukani. Sisi freni, yeye breki. Sisi viraji, yeye kona. Vitesi na gia, ambreyaji na klachi. Tulimcheka kwa kuwa anaongea kama mtangazaji. Naye alitucheka kwa kuwa tumekijaza Kiswahili Kifaransa. Hakuna aliyetambua kwamba dereva, breki, kona, gia na klachi navyo vimetoka Ulaya vilevile, ila kwa mlango mwingine. Usukani peke yake ndio haukutoka Ulaya, na hata huo ulikuwa wa chombo cha majini kabla ya kuwa wa gari. Ziwa Tanganyika ni mpaka wa mikopo: upande mmoja magari yameingia na maneno ya Waingereza, upande mwingine na ya Wafaransa na Wabelgiji. Magari yenyewe ni yaleyale, yametoka Japani yakiwa yametumika, mengine bado yana maandishi ya duka la Kijapani ubavuni, usukani uko kulia hata huku kwetu tunakoendesha upande wa kulia wa barabara.

Neno dirifti halikuleta ubishi. Makundi yote mawili yalilichukua kutoka kwenye kioo cha televisheni, likiwa geni kwa wote. Nimelifuatilia baadaye kwenye kamusi za historia ya maneno. Neno la Kiingereza lina asili moja na lile la kuendesha, lakini kwa maana ya kitu kinachoendeshwa, kinachosukumwa na upepo au maji. Na neno la Kifaransa ambalo sisi wa Kongo tunalitumia gari likiteleza, kuderape, lilianza na mabaharia: nanga iliyong'oka chini ya maji. Wavuvi wa Makobola wanaijua hali hiyo vizuri kuliko madereva. Wanasema mtumbwi umechukuliwa. Lugha zote nilizozipekua zinamfanya mwenye chombo kuwa mtendwa, na Kirundi cha jirani zetu, chenye kunyerera, hakijanisaidia pia.

Wajapani ndio waliomgeuza mtendwa kuwa mtenda. Mwaka 1961 Kunimitsu Takahashi alikuwa Mjapani wa kwanza kushinda mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, na alipohamia kwenye magari, katika miaka ya 1970, watu walikuja kumtazama jinsi anavyoingia kwenye kona akiwa ameshalilaza gari ubavu. Kijana mmoja aliyemwiga, Keiichi Tsuchiya, alifanya mazoezi usiku kwenye barabara za milimani, na mwaka 1987 akatengenezewa video akiwa na Toyota Corolla ndogo ya aina ya AE86. Kwa video ile, mchezo wa vijana wa milimani ukasambaa Japani yote. Baadaye wakaja na Nissan Silvia, Toyota Chaser na Mark II, magari ambayo injini inasukuma magurudumu ya nyuma. Mark II na Chaser! Ng'ambo, Tanzania, hayo yalikuwa magari ya kuendea kazini na harusini.

Na kabla hatujawapa Wajapani kila kitu, niseme la Afrika Mashariki. Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, zilianzishwa mbio zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambazo leo tunaziita Safari Rally. Zilifanywa wakati wa mvua za Pasaka, na madereva wa pale walijulikana kwa tope. Joginder Singh, Mkenya, alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Mtu hashindi mara tatu kwenye tope kwa kuogopa kuteleza. Ila sijapata kuona neno la Kiswahili walilolitumia mafundi na mashabiki wa siku zile kwa ufundi huo. Kama kuna msomaji mwenye babu aliyesimama pembeni ya barabara Nakuru au Kampala, amuulize, kisha aniandikie kupitia ofisi ya jarida.

Ufundi wenyewe, nje ya kioo, nilifundishwa na mjomba. Anaendesha Hiace ya kubeba watu na mizigo kwenye barabara ya taifa nambari 5, kutoka Uvira kwenda Baraka na kurudi. Mwenye kuijua barabara hiyo anajua inavyobanwa: upande mmoja mlima unaporomoka kutoka Mitumba, upande wa pili ziwa, na katikati ukanda mwembamba ambao nyumba, mihogo, michikichi, makaburi na barabara vinagombania. Mvua ikinyesha milimani, vijito vinavuka barabara vikiwa vimebeba udongo mwekundu, na kwa siku mbili tatu sehemu za Makobola zinakuwa sabuni.

Mjomba hajawahi kushika manete. Nilipomweleza dirifti ni nini alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mambo mawili: mafuta anatoa nani, na matairi anatoa nani. Hata hivyo, Jumapili moja baada ya mvua, abiria hakuna, alinipeleka kwenye kiwanja kitupu kando ya ziwa, akatoa viti vya nyuma ili kupunguza uzito, akakaa kushoto kwangu na kusema: "Haya, mpwa wangu, nionyeshe hiyo ya televizyo."

Hiace inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye udongo ule haihitaji breki ya mkono wala klachi. Ukikata vola na kukanyaga mafuta kidogo zaidi ya adabu, nyuma inakuja yenyewe. Ilikuja. Vidole vyangu vilijua la kufanya, na kwa sekunde chache kiuno kikavisikiliza. Mjomba hakusifu. Alisema: "Unaigombeza. Usiigombeze. Iache nyuma ije, halafu uijibu."

Sentensi hiyo niliiandika usiku uleule. Iache nyuma ije, halafu uijibu. Tazama sarufi yake. Mtenda ni dereva, lakini tendo lake la kwanza ni kuacha. Gari linapewa kitenzi chake lenyewe, kuja, tena katika hali ya kuruhusiwa. Halafu dereva anajibu. Kuzungusha usukani kuelekea mtelezo, ambako Kifaransa kinakuita kwa neno zito la fundi, kwa mjomba ni kujibu, kama mtu aliyeitwa. Nimesoma sura nyingi juu ya uhusiano wa mtenda na mtendwa katika vitenzi vya Kibantu, na sijui nyingine iliyonieleza jambo hili kwa maneno matano.

Tulirudi kiwanjani mara tatu, kila mara robo saa tu kwa sababu ya mafuta. Alinifundisha kuangalia ninakotaka kwenda na si ninakoogopa, kwa kuwa mikono hufuata macho. Alinifundisha kwamba tope jembamba juu ya ardhi ngumu ni baya kuliko tope la kuzamia. Alinikataza kabisa kufanya hivyo barabarani. "Barabarani unatereza ukiwa umelazimishwa. Hapa unajifunza ili ukilazimishwa usishangae."

Kaka yangu hakuwa kiwanjani siku hizo. Alikuwa ameshaanza kazi kwa mjomba kama msaidizi, akipakia mizigo na kukusanya nauli, na kwa miezi kadhaa mjomba alikuwa anamwachia usukani kwenye sehemu nyepesi. Kazi hiyo ilikuwa inalisha watu wanne nyumbani kwao, mama mkubwa akiwemo, ambaye tangu arudi hajapata tena shamba la mume wake.

Mwezi wa nne, nikiwa nakusanya data, niliomba kusafiri nao na simu ikirekodi. Nilikuwa nimekaa katikati ya kiti cha mbele, kaka kulia kwenye usukani, mjomba kushoto mlangoni. Tulikuwa tunatoka Mboko kwenda Uvira, nyuma kuna mama saba na magunia ya ndagala. Ukielekea Uvira ziwa liko kulia, na kwa kuwa usukani wa gari hili uko kulia, dereva ndiye anayekaa upande wa maji. Tulipoingia Makobola palikuwa na kona ya kushoto, yenye mteremko, na kijito kilikuwa kimepita juu yake usiku.

Nyuma ikaja. Haikuja kwa ujuzi wa mtu. Ilikuja kwa udongo. Mkia wa gari ukaanza kuelekea ziwani, pua ikaelekea mlimani. Jibu sahihi lilikuwa kuzungusha usukani kulia, yaani kuelekea majini, na hakuna mwili wa binadamu unaolitaka jibu hilo. Mjomba akapiga kelele, neno moja mara mbili: "Brake! Brake!"

Neno hilo linasomwa jinsi lilivyoandikwa, a na e wazi. Ni Kifaransa cha kuzungusha usukani hadi mwisho, na madereva wote wa Uvira, Bukavu na Kalemie wanalitumia: kubrake kushoto, kubrake kuume. Kaka yangu, aliyezijua gari kwa lugha ya ng'ambo, alisikia breki. Akaikanyaga kwa miguu miwili.

Magurudumu yakajifunga. Gari likaacha kusikiliza, likazunguka nusu, mkia ukatangulia, na likasimama pale gurudumu la nyuma lilipogonga mawe yaliyopangwa kuzuia mawimbi yasile barabara. Mama mmoja alianza kuomba kwa Kibembe, mwingine akamalizia sala ileile kwa Kiswahili. Hakuna aliyeumia. Magunia mawili yalipasuka na ndagala zikatapakaa hadi kwenye maji zilikotoka. Mjomba alishuka, akatazama gurudumu, akatazama umbali uliobaki, kisha akapanda upande wa dereva bila neno. Kaka alikaa nyuma na abiria hadi Uvira.

Jioni yake kikao kilikaa kwa mama mkubwa. Mjomba alikuwa mtulivu, jambo lililokuwa baya zaidi. Alisema ajali haimsumbui, kila dereva anaijua. Linalomsumbua ni kijana anayeambiwa jambo moja mbele ya kifo na kufanya kinyume chake. "Mi nilisema brake, yeye anashika freni. Kesho nitasema simama, atakimbia. Siwezi kumpa watoto wa watu." Kaka alisema, macho chini: "Mjomba, nilifanya ulivyosema." Mama mkubwa aliomba radhi kwa niaba ya mwanaye, na hiyo ilikuwa kama kukubali kwamba anasema uongo. Mimi niliona kazi ya watu wanne inaisha pale juu ya meza.

Nikatoa simu. Rekodi ina kelele za injini, mvua kwenye paa, wimbo wa redio, kisha ile sauti. Niliicheza mara ya kwanza, mjomba akasema, "Si ndiyo, nimesema brake." Nikamwambia kaka aeleze alichosikia. "Breki, breki." Nikaicheza tena, nikawaomba wote wafumbe macho. Ndani ya kelele ile irabu zimezama. Kinachobaki ni b, r na k, na sikio la mtu linajaza irabu ambazo limezizoea. Mama mkubwa, aliyekaa Nyarugusu miaka mingi, alisikia breki. Mke wa mjomba, ambaye hajawahi kuvuka ziwa, alisikia brake. Mjomba akaomba aisikie mara ya tatu, akaweka simu kwenye sikio.

Nilieleza kwa kifupi, bila maneno ya darasani. Neno la upande huu na neno la upande ule ni ndugu wa sauti, si wa maana, na moja linaamuru mikono wakati lingine linaamuru mguu, katika sekunde ambayo mikono na mguu vinapaswa kufanya mambo tofauti kabisa. Kijana alitii. Alitii lugha aliyokuwa nayo.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Kwa hiyo mwenye kosa ni Mfaransa." Mama mkubwa akacheka kwanza, ndipo wengine tukathubutu.

Hakumrudishia usukani siku ile, wala mwezi ule. Alimrudishia kazi ya kupakia, kisha, mvua zilipoisha, sehemu nyepesi. Lakini kabla ya hapo walikaa wote wawili kwenye kile kiwanja cha kando ya ziwa, mimi nikiwa na daftari, wakapatana maneno. Kwa kuzungusha usukani: kata. Kwa breki: shika. Mjomba alitaka kwanza kanyaga, kaka akamkumbusha kwamba hata mafuta yanakanyagwa, na mjomba akakubali kushindwa na mtoto. Kwa kurudisha usukani kuelekea mtelezo walibaki na jibu. Jibu kulia, jibu kushoto. Waliyajaribu kwa kupigiana kelele, mmoja ndani ya gari injini ikinguruma na mwingine nje, hadi watoto wa jirani wakaja kutazama wakidhani ni ugomvi.

Msimamizi wangu ameniuliza mara mbili kama sura ya tatu ya tasnifu itapendekeza istilahi ya Kiswahili kwa dirifti. Nimeamua haitapendekeza. Vijana wa kwenye manete waachiwe dirifti yao. Ni neno jepesi, limeshavuka ziwa, na ng'ambo na huku linaeleweka sawasawa, jambo ambalo brake na breki hazijaliweza. Mserereko na mtelezo nimeziandika kama majina ya jambo lenyewe, si ya ufundi. Kwa ufundi nimeandika sentensi ya mjomba ilivyo, kishazi kizima, nikaifafanua kurasa mbili. Mwenzangu mmoja anaona huo si uwanja wa istilahi, kwamba istilahi lazima iwe neno moja ili iingie kwenye kamusi. Huenda kamusi ndiyo inayopaswa kupanuka. Nimehesabu madereva sita wa njia ile ambao sasa wanasema jibu kwa maana hiyo, na wawili kati yao hawamjui mjomba wala hawajui neno limetoka wapi.

Orodha yangu ya maneno ya madereva nilimpelekea mjomba aisahihishe, kurasa tano, upande wa kushoto maneno ya Uvira na wa kulia ya Kigoma. Aliisoma amevaa miwani ya mkewe. Kwenye neno brake alichukua kalamu na kulifuta kwa mistari miwili. Nilimweleza kwamba mimi sina ruhusa ya kufuta neno linalosemwa na watu, kazi yangu ni kuliandika. Akanirudishia karatasi, akasema niandike basi, lakini niweke pembeni alama nyekundu, kama ile wanayoiweka barabarani mbele ya daraja lililobomoka. Nimeiweka.